NANI ATAKAA NA NANI? Samaki wa nyumbani na baridi ya Lubumbashi



Wengi kati yenu mnapita kila siku mbele ya sanduku la kioo lililo ndani ya labo ya biolojia. Mnasimama, mnaangalia samaki, na wengine wananiuliza: «Yaya, na mie niko na sanduku ku nyumba. Niweke samaki gani?» Profesa wetu wa biolojia ameniomba nijibu katika gazeti hili. Nimekubali kwa furaha. Lakini kabla sijafundisha ni lazima niseme namna mimi mwenyewe nilivyojifunza, juu nilijifunza vibaya, na mwenzetu mmoja njo aliyelipa bei yake.

MAMBO YALIYOTUKUTA

Mwaka jana mzazi mmoja aliyetoka Moba, kwenye ziwa Tanganyika, aliletea shule samaki tisa wazuri sana. Ni wale wa jamii ya Tropheus, wenye mwili mfupi na mnene, weusi, wenye mshipi wa rangi tumboni. Tukawatia ndani ya sanduku letu la litri 60. Mle ndani kulikuwa tayari na samaki wadogo watano ambao wanafunzi waliwavua katika kijito, na konokono wachache walioingia pamoja na majani ya maji. Tulikuwa na rezistansi ya kupashia maji moto. Tukazani kila kitu kiko sawa.

Mwezi wa sita baridi ikaingia. Umeme ukaanza kukatika usiku, mara nyingine tangu jioni mpaka asubuhi. Siku ya kwanza Tropheus wawili walikuwa wamelala chini. Siku ya pili wengine watatu. Siku ya tano wote tisa walikuwa wamekufa.

Mimi nilikuwa msaidizi wa kapita. Nikatafuta mkosaji. Kulikuwa na mdogo mmoja wa kilasi cha chini ambaye kazi yake ilikuwa kulisha samaki, na watu walimwona akiosha beseni ya samaki kwa sabuni. Kwangu ilitosha. Nikamsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi, nikasema ameua samaki wa shule, na nikaomba apewe azabu. Alikata majani ya kiwanja Jumamosi tatu. Yeye alikuwa akisema tu: «Yaya, shikuweka sabuni mu mayi. Nilisafisha beseni mara mingi na mayi muzuri.» Sikumsikiliza.

Jumamosi ya tatu, wakati alipokuwa akirudisha kupe-kupe, aliniuliza neno moja: «Yaya, kama ni sabuni, juu ya nini bale badogo ba ku muto habakukufa?»

Sikuwa na jibu. Nilikwenda labo kuangalia. Kweli, wale watano wa kijito walikuwa wakiogelea. Hata konokono walikuwa wazima. Sabuni haichagui. Kama sumu iliingia ndani ya maji, ingegusa wote. Basi kitu kilichoua kilikuwa kitu ambacho wa Moba hawawezi kukivumilia, na wa kwetu wanakivumilia.

Wakati wa likizo, mwezi wa saba, nilipata ruhusa ya kujaza sanduku maji, bila samaki na bila rezistansi, na nikaweka kipimajoto. Jioni niliona digri 17. Asubuhi, kabla jua halijapanda, digri 14. Hiyo njo ilikuwa sabuni yetu.

BARIDI YETU INATOKA WAPI

Watu wa nje wanazani Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari, na iko mbali kusini ya ikweta. Wakati wa kiangazi mawingu hayapo. Mchana jua linawaka, lakini usiku joto lote la udongo linapanda mbinguni bila kizuizi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku hewa inaweza kushuka chini ya digri 10. Kila mtu anayeamka mapema kwa kuteka maji anajua.

Ziwa Tanganyika ni kinyume. Liko chini, karibu metre 770, na kilindi chake kinafika karibu metre 1,470. Ni ziwa la pili duniani kwa urefu wa kwenda chini, nyuma ya Baikal ya Urusi. Maji mengi namna hiyo hayabadiliki mbio. Juu yake maji yanakaa karibu digri 24 mpaka 28, mwaka mzima. Samaki wa pale, na babu za babu zake, hawakuona hata siku moja maji ya digri 14.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Maji yakiwa ya baridi, damu yake ni ya baridi. Tumbo linaacha kusaga chakula, mwili unakuwa zaifu, magonjwa yanapata njia. Mara nyingi utaona madoadoa meupe kama chumvi kwenye mapezi. Halafu samaki anakaa chini, anapumua polepole, mwisho anakufa. Hakuna mtu aliyemtilia sumu.

Wengine watasema: basi ninunue rezistansi. Rezistansi ni nzuri pale umeme haukatiki. Lakini fikiri: samaki amezoea digri 26, usiku umeme unakwenda, asubuhi maji ni digri 17. Kushuka kwa ghafula namna hiyo kunaumiza kuliko baridi inayokuja polepole kwa majuma mengi. Kwangu, heri kuchagua samaki asiyehitaji moto kuliko kumpa moto ambao huna hakika nao.

SHERIA TATU ZA KUCHAGUA

Watu wengi wanachagua kwa macho: huyu mwekundu, huyu wa mistari, tuwaweke pamoja. Mimi sasa ninauliza maswali matatu, na ninayauliza kwa mpangilio huu.

Ya kwanza: wote wanaweza kuvumilia mwezi wa saba? Usiangalie yule mwenye nguvu zaidi, angalia yule mzaifu. Yeye njo anayeamua. Tena maji yenyewe yawe ya namna moja. Maji ya Tanganyika yana chumvi-chumvi za mawe nyingi, na kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Maji ya vijito vyetu hayako vile. Kwa hiyo hata bila baridi, tulikosea kuweka Tropheus na samaki wa kijito pamoja.

Ya pili: mdomo wa mmoja unaweza kuingiza mwili wa mwingine? Samaki hana urafiki na kitu kinachoingia mdomoni. Na usipime leo tu, pima na mwaka ujao. Kambale mwenye urefu wa kidole ni mzuri kuangalia, lakini kambale mkubwa anapita metre moja. Usiku anapapasa kila pembe kwa sharubu zake, anakula kila anachokuta. Hata samaki ambao watu wa Luapula wanaita makobo ni mwindaji. Ukimweka na wadogo, baada ya juma utabaki na makobo peke yake, mwenye kushiba.

Ya tatu: kila mmoja atapata mahali pake na chakula chake? Samaki wengine wanaishi kwa kundi, wengine wanashika kiwanja kama mtu mwenye parsele. Akifika wakati wa kuzaa, dume anafukuza wote. Katika mto, anayefukuzwa anakwenda mbali. Katika sanduku la kioo hakuna mbali.

Sheria hii ya tatu si mpya hapa kwetu. Karibu na mji, kule Kipopo, wakati wa ukoloni kulichimbwa mabwawa ya kuchunguza ufugaji wa samaki, na mwaka 1949 mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya kazi hiyo ulifanyika katika mji huu, ulioitwa bado Elisabethville. Wafugaji wa nyakati zile waliweka katika bwawa moja tilapia wa namna mbili: mmoja anayekula majani, Tilapia rendalli, na mwingine anayekula vitu vidogo-vidogo vya kijani ndani ya maji na matope, Tilapia macrochir. Hawakugombania sahani moja. Sanduku letu ni dogo kuliko bwawa, lakini akili ni ile ile.

SAMAKI NINAOWASHAURI

1. Wale wadogo wa fedha wa vijito. Wataalamu wanawaita Enteromius. Katika vitabu vya zamani utakuta jina Barbus. Mmoja wao, Enteromius paludinosus, anapatikana tangu Etiopia mpaka Afrika ya Kusini. Anajua joto na anajua baridi. Hawa wanapenda kundi. Weka sita au zaidi. Mmoja peke yake anakuwa mwoga, anajificha, hali vizuri. Hawa njo wale watano waliobaki wazima katika labo.

2. Pseudocrenilabrus philander. Ni ndugu mdogo wa tilapia, kwa kawaida haupiti urefu wa kiganja. Anaishi katika vijito na mabwawa ya upande wetu, na anafika mpaka mto Orange kule Afrika ya Kusini, ambako baridi inapita ya kwetu. Dume akiwa tayari kuzaa anang'aa rangi ya zahabu na buluu. Watu wakimwona wanazani ametoka Ulaya. Jike anabeba mayai ndani ya mdomo wake karibu majuma mawili, na wakati huo hali kitu. Ukiona jike mwenye shavu limevimba na anakataa chakula, usiseme ni mgonjwa. Weka dume mmoja kwa majike matatu. Madume wawili katika litri 60 watapigana mpaka mmoja afe.

3. Tilapia sparrmanii, mwenye mistari ya kusimama mwilini. Yeye ni bingwa wa baridi. Anavumilia hata maji yaliyo chini ya digri 10. Lakini dume na jike wakioana wanachunga mayai pamoja na kufukuza kila mtu. Basi huyu umpe sanduku lake mwenyewe, litri 100 au zaidi, ao umfuge akiwa kijana tu, kisha umrudishe bwawani kwake.

4. Samaki wa zahabu anayeuzwa mjini. Asili yake ni China, ni samaki wa maji ya baridi, na mwezi wa saba haumtishi. Ila anakula sana na anachafua sana, tena mapezi yake marefu yanavuta meno ya wengine. Akae na wenzake tu.

Kwa sanduku la kwanza, mimi ninashauri namba 1 na namba 2 pamoja: sita wa fedha, dume mmoja na majike matatu wa philander. Wa fedha wanaogelea katikati na juu, philander anashika chini. Wote wa vijito vyetu, wote wanajua kiangazi.

SAMAKI WA KUACHA

Tropheus na wenzake wote wa Tanganyika: waache kwao, ao ungoje siku utakapokuwa na moto wa hakika. Kambale na makobo: juu ya mdomo. Tilapia rendalli: katika siku chache atamaliza majani yote uliyopanda. Tilapia wa mto Nile anayefugwa sana sasa: anakua mbio, sanduku halimtoshi.

MAJI, MAHALI NA MAJIRA

Maji ya robine yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo inaunguza matamvua ya samaki. Yateke leo, yaache ndani ya bidoni iliyo wazi mpaka kesho, halafu uyatumie. Usibadilishe maji yote mara moja. Toa sehemu moja ya tano kila juma, na maji mapya yawe na baridi sawa na ya zamani.

Kumbukeni tunakaa katika nchi ya shaba. Shaba ni mali yetu, lakini ndani ya maji hata kidogo sana inaua samaki na konokono. Usifunge kitu kwa waya wa shaba ndani ya sanduku, usichote maji kwa chombo cha shaba. Tena usivue samaki katika mito inayopokea maji machafu ya viwanda vya madini.

Ukienda kuvua, usiingie miguu mitupu katika maji yaliyotulia. Kuna bilharzia, na konokono wengine wa majini njo wanaoibeba. Tumia wavu wenye mti mrefu. Na konokono usiwachukue. Sisi wenyewe tumewaondoa.

Sanduku kubwa linapoa polepole, dogo linapoa mbio. Litri 100 ni afazali kuliko litri 20. Usiliweke karibu na dirisha, wala juu ya simenti. Weka ubao chini yake. Mwezi wa sita na wa saba funika pande tatu usiku kwa gunia ao blanketi nzee, na asubuhi ufunue. Punguza chakula. Samaki wa baridi anakula mara moja kwa siku mbili, kinachobaki kinaoza. Chakula kizuri ni watoto wa mbu, minyoo iliyokatwa, kumbikumbi wakati wao. Kipande kidogo cha bukari si zambi, lakini si kila siku.

Adui wa pili ni mwezi wa kumi, mbele ya mvua. Wengi wanamsahau. Maji ya moto yanashika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na wakati huo huo samaki anahitaji hewa zaidi juu mwili wake unafanya kazi mbio. Ukiona wote wako juu, midomo inafungua-fungua, usingoje. Toa maji kidogo, mimina mengine kutoka juu kama mvua ili hewa iingie, na ukinge jua. Samaki wengi katika sanduku dogo watapita mwezi wa saba na kufa mwezi wa kumi.

USITUPE SAMAKI MTONI

Ukichoka na samaki wako, usimtupe katika Kafubu wala katika mto wowote. Tilapia wa Nile akitoroka anaoana na tilapia wa kwetu, na watoto wanakuwa machotara. Polepole wa kwetu wanakwisha. Yule Tilapia macrochir wa mabwawa ya Kipopo, ambaye leo wataalamu wanamwita Oreochromis macrochir, ameandikwa tayari kati ya samaki walio katika hatari, na sababu kubwa ni huyo mgeni. Mpe rafiki, ao rudisha samaki pale pale ulipomtoa. Kama huna namna nyingine, ni chakula.

NENO LA MWISHO

Sasa ninarudi kwa mwanzo. Tulipoteza samaki tisa kwa sababu hatukuuliza swali la kwanza: wanaweza baridi yetu? Hilo ni kosa la kutojua, na kutojua kunasamehewa haraka. Lakini mimi niliongeza kosa lingine. Nilikuwa na kipimajoto katika kabati ya fizikia, hatua kumi tu kutoka pale samaki walipokuwa wakifa, na sikukichukua. Nilichukua jina la mdogo wangu badala yake.

Nimekwisha kumwomba msamaha peke yetu, naye alijibu: «Yaya, ilishaisha.» Lakini azabu ilitangazwa mbele ya mstari mzima, na kuna wanafunzi ambao mpaka leo wanamwita «muua-samaki». Kwa hiyo hata msamaha ninautangaza mbele ya wote: hakuua samaki. Jina lile liishe leo. Na makapita watakaokuja nyuma yetu, ninawaomba mpime maji kabla ya kumpima mtu.

Sisi mafinalisti tunaingia karibuni katika Exetat, na funguo ya labo itabadilisha mikono. Profesa amekubali kwamba kazi ya sanduku ipewe huyo mdogo. Anajua kuliko mimi. Mwenye swali amwendee Jumamosi baada ya kazi za mikono, naye atamwonyesha jike wa philander mwenye mayai mdomoni. Msigonge kioo.

Kapita wa wanafunzi, kilasi cha finalisti